Tenisi wanaume 2026: ukiwaweka pembeni Alcaraz na Sinner, nani anafuata?

Raketi_Kavu

Wakuu habari zenu. Msimu mpya ndo huo unabisha hodi, Australian Open inaanza tarehe 18 Januari 2026 na fainali ya wanaume ni tarehe 1 Februari, na kama kawaida kabla hata mpira haujagongwa kila mtu ana ramli yake. Basi leteni zenu hapa tuje tuchekane mwezi wa kumi na moja.

Mwaka 2025 umeisha Alcaraz akiwa namba moja na pointi 12,050, Sinner wa pili 11,500, afu wa tatu ni Zverev na 5,160. Yani pointi za Zverev uzizidishe mara mbili bado humfikii Sinner! Grand Slam nane zilizopita (zile kubwa nne za kila mwaka: Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open) zote wamegawana hawa vijana wawili, nne kwa nne, hakuna mwingine aliyegusa kombe tangu Djokovic achukue US Open 2023. Kwa hiyo swali la nani atakuwa wa kwanza na wa pili naona limeshajijibu lenyewe kilichobaki ni nani anamtangulia nani.

Langu mimi kufikia mwisho wa 2026 ni Sinner, Alcaraz, Auger-Aliassime, Shelton, Djokovic, Zverev, Musetti, Fritz, Draper na wa kumi Fonseca. De Minaur nimemtoa, najua kuna watu watanuna humu. Na Rune sijamweka sababu kamba ya kisigino imekatika Stockholm mwezi wa kumi, jeraha lile halina haraka, msimuhesabie kabisa kwa nusu ya kwanza.

Haya karibuni. Namba moja nani, wa tatu nani, na nani mgeni ataingia kumi bora?

Fundi_Hesabu

Mkuu list yako nzuri ila umeruka kitu ambacho kwangu ndo kila kitu mwaka huu, nacho ni kalenda ya pointi. Watu wanabishana nani ana fohendi kali nani ana sevu wakati namba moja inaamuliwa na nani anatetea nini na lini.

Angalia hivi. Sinner alikula kifungo cha miezi mitatu ile kesi ya clostebol, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, kuanzia Februari mpaka tarehe 4 Mei 2025. Maana yake Indian Wells hakucheza, Miami hakucheza, Monte Carlo hakucheza, Madrid hakucheza. Kwa hiyo akishamaliza Australia mpaka anafika Rome mwezi wa tano jamaa hatetei hata pointi MOJA. Masters 1000 nne (daraja linalofuata chini ya Grand Slam), kila kitu atakachookota ni faida tupu. Wakati huohuo Alcaraz kipindi hicho hicho ana mzigo wa pointi 2,340: Rotterdam alibeba 500, Doha 100, Indian Wells nusu fainali 400, Miami alitolewa mapema na Goffin akaambulia 10, Monte Carlo akabeba 1,000 na Barcelona akafika fainali akafungwa na Rune 330. Jumlisha mwenyewe.

Ila sasa kabla ya hapo kuna Melbourne, yani Australian Open, na huko hali ni kinyume kabisa. Sinner anatetea 2,000 za ubingwa, Alcaraz anatetea 400 za robo fainali tu. Ukizitoa zote mbili Alcaraz anabaki na 11,650 na Sinner 9,500. Kwa hiyo hata Sinner akibeba tena Australia anarudi palepale kwenye 11,500, hapandi popote, na Alcaraz akipata hata fainali tu anaongeza 900 juu ya alizonazo. Ndo maana nasema Februari Alcaraz ataonekana ameshamkimbia watu waanze kuandika makala kwamba mchezo umeisha, afu Machi na Aprili Sinner anaanza kula kidogokidogo mpaka mnashtuka wako sawa Rome.

Mimi nampa Sinner namba moja kufikia mwisho wa mwaka, lakini nyembamba, chini ya pointi 1,000.

Mwanaasha_wa_Tanga

Hesabu zako tamu kaka lakini unaongea kama hawa ni mashine. Kubwa kuliko zote ni kwamba Desemba Alcaraz ameachana na kocha wake Juan Carlos Ferrero! Mtu amemlea tangu ana miaka 15, na Ferrero si kocha wa kubahatisha, ni bingwa wa Roland Garros 2003 na mwaka huohuo alikuwa namba moja wa dunia, anajua kiti kile kinavyochoma. Sita zote za Grand Slam alizonazo Carlos amezipata huyu baba akiwa kwenye boksi. Leo hayupo.

Najua mtaniambia Samuel López yupo na alikuwa kwenye timu mwaka mzima uliopita, sawa, lakini kuwa msaidizi na kuwa wewe ndo unaangaliwa mtoto anapopoteza seti ya pili ni vitu viwili tofauti. Alcaraz ni mchezaji wa hisia, akiwa na furaha anapiga dropshoti kutoka nyuma ya mstari na inaingia, akinuna anapiga ileile inaishia kwenye neti na mechi inamponyoka mbele ya mtu ambaye wala hamjui. Ferrero ndo alikuwa anamzuia asicheze na moto.

Na Melbourne ndo kombe pekee la Grand Slam ambalo hana, hajawahi hata kuvuka robo fainali pale. 2024 katolewa na Zverev, 2025 katolewa na Djokovic aliyekuwa anachechemea. Akilibeba hili anakuwa mdogo kuliko wote katika enzi hii ya kisasa kukamilisha manne, Nadal alikuwa na 24 alipomalizia US Open 2010 na Carlos sasa ana 22. Presha hiyo na kocha hayupo... mmh. Mimi roho yangu ni ya Carlos tangu zamani lakini Januari naiogopa.

Baada ya Januari lakini nampa namba moja, Roland Garros anachukua ya tatu mfululizo, mtaniambia.

Otis_wa_Kisumu

Wasee mko sawa? Mnaongelea hao wawili tu kama Djokovic amekufa. Jamaa ana miaka 38 na 2025 ameingia nusu fainali ya Grand Slam ZOTE NNE. Zote nne!! Nani mwingine ukitoa Sinner amefanya hivyo? Hakuna, hata huyo Alcaraz wenu. Ameshinda Geneva ikawa kombe la 100, akaongeza Athens la 101, afu mashindano yake ni machache sana sababu haendi kila mahali kama hawa watoto, na bado amemaliza wa nne duniani na 4,830.

Kwa hivyo wewe Raketi_Kavu kumweka wa tano nyuma ya Shelton ni madharau buda. Mimi naweka Nole, yani Djokovic, wa tatu na ile Grand Slam ya 25 anaipata Wimbledon, ukitaka screenshot piga sasa hivi.

Fundi_Hesabu

@Otis_wa_Kisumu nusu fainali nne ndiyo, na ameshinda ngapi kati ya hizo? Sifuri. Kwa Zverev aliacha mechi na jeraha baada ya seti moja, Roland Garros na Wimbledon Sinner kamtoa seti tatu kwa bila, US Open kule New York Alcaraz naye seti tatu kwa bila. Mwenyewe alisema pale New York kwamba kuwafunga hawa wawili kwenye seti tano sasa hivi ni mtihani mzito, mwili unaisha petroli. Nampenda mzee ila nasema ukweli. Njia pekee ni droo imfungukie, mmoja wao atolewe mapema na mwingine akutane naye amechoka. Inawezekana, siyo haiwezekani, lakini huo siyo utabiri hiyo ni dua.

Nafasi ya tatu kwa pointi anaweza kuipata, hilo sikatai. Ila atacheza mashindano mangapi? Hapo ndo shida.

Otis_wa_Kisumu

Dua nayo hufanya kazi 😂 Melbourne ameshinda mara 10 bro, kile kiwanja kinamjua jina.

Sevu_Mbili

Ngoja niulize kitu samahani kwa wazoefu, hii "kutetea pointi" ndo inakuwaje? Mimi nilianza kufuatilia tenisi hii juzi tu baada ya kuangalia ile fainali ya Roland Garros Alcaraz na Sinner masaa matano na dakika 29, tangu siku hiyo mpira wa miguu nauona mwepesi. Lakini hizi pointi sizielewi, kwenye ligi pointi ukishapata umepata.

Fundi_Hesabu

Karibu sana mkuu, umeingilia mlango mzuri. Tenisi pointi zinaishi wiki 52 tu. Ukishinda Wimbledon 2025 unapewa 2,000, Wimbledon ya 2026 ikifika zile za mwaka jana zinafutwa na unapewa za mwaka huu kutegemea umefika wapi. Umebeba tena, unabaki ulipo. Umefika fainali ukafungwa, unapata 1,300 kwa hiyo umeshuka 700 japo umecheza vizuri. Masters ni 1,000 kwa bingwa na 650 kwa wa pili. Ndo maana mchezaji anaweza kucheza fainali akashuka, na mwingine akatolewa robo fainali akapanda.

Na hiyo fainali uliyoiangalia Sinner alikuwa na pointi tatu za ubingwa mkononi, 0-40 kwenye sevu ya Alcaraz seti ya nne, akiongoza seti mbili kwa moja. Zikapeperuka zote tatu. Ni fainali ndefu kuliko zote kwenye historia ya Roland Garros kwa hiyo usidhani kila wiki tunapewa chakula kile.

Raketi_Kavu

Turudi kwa wa tatu basi maana naona mnakimbilia kuleee juu. Mimi nimemweka Auger-Aliassime na hamna hata mmoja amenipinga ina maana mmekubali? Jamaa ametoka hajulikani yuko wapi mwanzo wa kiangazi, akaingia nusu fainali US Open, fainali ya Paris Masters, mpaka Turin kwenye ATP Finals ya wanane bora akaingia nusu fainali, amemaliza wa tano. Mwendo wa miezi minne ile ukiunyoosha mwaka mzima huyo ni wa tatu bila ubishi.

Mtazamaji_Usiku

Nakupinga mimi. Felix tumeshamwona akifanya hivi, 2022 alibeba makombe matatu mfululizo mwezi wa kumi ndani ya ukumbi tukasema huyooo amefika, mwaka uliofuata akapotea kabisa. Ndani ya ukumbi pasipo upepo wala jua sevu yake haigusiki. Mpeleke kwenye udongo mwezi wa nne uone.

Zverev kwangu ndo anateremka. Ana 5,160 lakini 1,300 ni za fainali ya Melbourne pekee, akitolewa mapema Januari anajikuta chini ya 4,000 na nyuma yake kuna foleni: Fritz 4,135, De Minaur 4,135 hivohivo sawasawa, Musetti 4,040, Shelton 3,970. Yani kuanzia wa tano mpaka wa tisa wote wamebanana ndani ya pointi 300. Mechi moja Indian Wells inakutoa wa tano inakupeleka wa tisa. Mwenye kusema anajua mpangilio wa hapo katikati anadanganya, mi nasema tu nani nina imani naye.

Na nina imani na Shelton. Mkono wa kushoto, sevu inatoka kama risasi, na 2025 alichukua Toronto ikawa Masters yake ya kwanza. Bila lile bega kumlazimisha aache mechi US Open dhidi ya Mannarino angemaliza juu zaidi. Kijana ana miaka 23 na kila mwaka bekihendi inaboreka kidogo. Wa tatu Shelton, wa nne Djokovic, wa tano Musetti.

Mwanaasha_wa_Tanga

Musetti jamani! Ana bekihendi ya mkono mmoja ya kuchora ukutani lakini mtu ana makombe mawili tu maishani, la mwisho Naples 2022! Fainali ngapi ameingia tangu hapo, zote anaondoka na sahani ndogo. Athens juzi ameanza kwa kumchukulia Djokovic seti ya kwanza na bado kapoteza. Wa tano bila kombe hata moja tangu 2022 ni kitu cha kushangaza ujue.

Mtazamaji_Usiku

Kombe halipewi pointi za urembo dada, fainali ya Monte Carlo na nusu fainali Roland Garros zinahesabika. Ila nakuelewa, inaumiza kumwangalia.

Kijana_wa_Doha

Salaam ndugu zangu, niko huku Qatar, Doha open ipo mwezi wa pili na mwaka jana nilikuwepo uwanjani Lehecka alipomtoa Alcaraz robo fainali. Niwaambie kitu ambacho kwenye tv hamkioni vizuri: upepo. Jioni upepo unazunguka ndani ya kile kiwanja na mchezaji anayerusha mpira juu kwenye sevu anahangaika. Lehecka alikuwa anapiga bapa tu, bapa, hampi nafasi ya kuvuta pumzi. Nasema hivi kwa sababu wote mnaorodhesha majina hamumtaji huyu wala Mensik, na Czech hawa wawili ndo naowaona wanaingia.

Mensik ana miaka 20, alibeba Miami 2025 akamfunga Djokovic fainali kwa taibreki mbili. Tatizo mwili, kila baada ya miezi miwili kitu kinauma. Mwili ukikaa sawa huyo kumi bora, namtanguliza kuliko Fonseca.

Raketi_Kavu

@Kijana_wa_Doha kuliko Fonseca? Mtoto ana miaka 19, 2025 ameanza kwa kumtoa Rublev Australia akitokea mchujo, akabeba Buenos Aires, akabeba Basel ambayo bingwa anapata pointi 500, amemaliza wa 24. Na watu wake wa Brazil wanaujaza uwanja popote anapokwenda, ukicheza naye Melbourne utadhani uko Rio.

Fundi_Hesabu

Fonseca kutoka 24 kwenda 10 anahitaji takriban mara mbili ya pointi alizonazo. Siyo uongo lakini mtu wa hivyo lazima afike robo fainali ya Slam mara mbili hivi na nusu fainali za Masters, na yeye 2025 kwenye Slam hakuvuka raundi ya tatu. Mimi namweka 13, 14 huko. 2027 ndo mwaka wake.

Mgeni wangu ni Bublik, chekeni tu. Machi 2025 alikuwa ameshuka mpaka kwenye 80 huko, watu wakamwandikia tanzia, akabeba makombe manne mwaka huohuo pamoja na Halle ambako alimfunga Sinner, kamaliza wa 11. Wa 11! Anahitaji nafasi moja tu na Draper aliye wa kumi hajacheza tangu US Open mkono wa kushoto umemgomea, na 1,000 za Indian Wells anazotetea zinaondoka Machi. Draper akiwa mzima ni wa nne duniani, alishafika hapo Juni, lakini mtu anayetumia mkono wa kushoto akiumwa mkono wa kushoto simwekei pesa.

Otis_wa_Kisumu

Bublik anaweza kusevu kwa chini ya mkono kwenye mechi pointi, huyo ndo mtu wetu 😂😂 Na msisahau yule wa Monaco, Vacherot, wa 204 duniani ametoka mchujo akabeba Shanghai, amemtoa Nole nusu fainali na fainali kacheza na binamu yake Rinderknech. Hakuna mtu wa cheo cha chini hivyo ameshawahi kubeba Masters. Mwezi wa tisa nani kati yenu alikuwa na jina lake? Ndo nawaambia, hizi list...

Sevu_Mbili

Sasa De Minaur alifanya nini jamani mpaka mnamruka wote? Namwona anakimbia kuliko wote, Washington ameokoa mechi pointi tatu kwenye fainali akabeba, Turin ameingia nusu fainali.

Fundi_Hesabu

Hajafanya kosa lolote, mtu safi, kila wiki robo fainali, kila mwaka yuko pale wa saba wa nane. Tatizo ni hili: na Sinner wamecheza mara 13, Sinner kashinda 13. Na akishakuwa wa saba kwenye droo, robo fainali anakutana na mmoja wa wanne wa juu, yani kila Slam mlango uleule. Kumi bora atabaki, Raketi_Kavu hapo mimi na wewe hatuelewani kabisa, mtoe Fonseca umrudishe. Lakini juu ya tano sioni njia.

Raketi_Kavu

Simrudishi. Fonseca anabaki.

Kwa wasiojua ratiba ya huku kwetu, mechi za mchana za Melbourne zinaanza usiku wa manane, kwenye saa tisa hivi, na zile za usiku wao zinaanguka saa tano asubuhi kwetu. Fainali ya wanaume ni Jumapili saa tano na nusu asubuhi kwa hiyo wa kanisani jipangeni misa ya kwanza. List zote nimezikopi, Otis na 25 yako ya Wimbledon nimeiweka juu kabisa.

Otis_wa_Kisumu

Iweke kwa wino usiofutika.